Kabati la zamani, sura mpya: namna ya kupaka rangi samani za mbao hapa Moshi

Ukitaka kabati la sebuleni liwe limebadilika wageni wa Krismasi wakipanda, lishike Septemba. Wengi tunafanya kinyume. Tarehe 20 Desemba mtu anakumbuka kwamba ndugu wako njiani kutoka Dar, anakimbilia kopo la rangi ya mafuta, anapaka jioni ileile juu ya vumbi na polishi ya miaka yote, na mvua za vuli hazijaisha. Sikukuu inafika rangi bado inanata. Shemeji anaegemea, anaondoka na mstari mweupe mgongoni mwa koti. Pasaka haijafika, rangi imeanza kubanduka ukiikwangua na ukucha.

Anayelaumiwa ni rangi, au muuza duka. Lakini rangi inayobanduka vipande vizima haikuwahi kushika mbao. Ilishika kile kilichokuwa juu ya mbao. Na samani za nyumba zetu huwa zimebeba vitu vitatu: masizi na mafuta ya jikoni, polishi (mara nyingi ileile ya viatu), na oili chafu iliyopakwa kuzuia mchwa. Kila kimoja kina namna yake ya kuondolewa, na hapo ndipo sehemu kubwa ya kazi ilipo. Kupaka kwenyewe hakuchoshi. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa muda mrefu kwenye kusafisha na msasa, kisha upite haraka kwenye brashi.

Mfano nitakaoutumia ni kabati la vyombo la kawaida, lile la milango miwili ya vioo juu, droo mbili katikati na milango ya mbao chini. Meza, stuli, kitanda na meza ya kujipambia hufuata njia hiyohiyo.

Je, lipakwe kweli?

Kabla ya lolote, jua ni mbao gani. Chomoa droo, ingiza mkono nyuma ambako hakuna aliyewahi kupaka kitu, ukwangue kidogo kwa kisu. Ukikuta mbao nyepesi, ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo, yenye vifundo vidogo na harufu fulani ya kupendeza, hiyo ni saipras. Ukikuta mistari mipana ya njano na kahawia, vifundo vikubwa na utomvu unaonata, ni paini. Hizi mbili ndizo zilizojaa majumbani kwetu, kwa kuwa zinalimwa jirani, kwenye mashamba ya miti ya serikali ya West Kilimanjaro na Rongai. Zote asili yake ni Meksiko na nchi za jirani yake, na zote zinapokea rangi vizuri.

Ukikuta mbao nzito, nyekundu ya kahawia, ngumu kukwangua, simama kwanza. Huenda ni mninga au mkongo. Mvule nao ni wa kahawia ya dhahabu, na ule mbao mgumu unaoitwa loliondo una mistari myeusi inayotembea kama marumaru. Mbao hizi siku hizi ni ghali, na fundi anayezijua atakuuliza kwa nini unazifunika. Maoni yangu: kama mbao ni nzima, toa vanishi ya zamani, piga msasa, paka vanishi mpya, uache mbao ijioneshe. Kama limeungwaungwa, mlango mmoja mninga na mwingine saipras, kioo kimebadilishwa na plaiwudi, basi rangi ndiyo itakayolifanya liwe kitu kimoja. Tena kabati ni lako, si la fundi.

Samani za mabodi ya kuchakata, zile zinazouzwa zimefunikwa utando unaofanana na mbao, zinapakika pia, lakini kwa masharti. Ukiona bodi limevimba pembeni kama mkate ulioingia maji, achana nalo. Uvimbe ule haurudi.

Majira na mahali pa kufanyia

Moshi ina vipindi viwili vizuri vya kazi hii. Cha kwanza ni Januari hadi katikati ya Februari: jua lipo, hewa ni kavu, rangi inakauka kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo. Tatizo lake ni upepo na vumbi. Cha pili ni Agosti mwishoni hadi mwanzo wa Oktoba. Juni na Julai inawezekana, ila asubuhi ni za baridi na mawingu ya mlima yanakaa hadi saa nne au tano. Huko Arusha, iliyo juu zaidi, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, baridi hiyo ni kali zaidi na rangi ya mafuta inaweza kuchukua siku mbili kukauka badala ya moja. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usijaribu. Mbao imevimba kwa unyevu, na ukiifunika kwa rangi ikiwa hivyo, ikija kunywea Julai rangi inapasuka kwenye viungo.

Fanyia kazi kwenye baraza, gereji au chini ya turubai lililofungwa juu, si juani. Rangi iliyopakwa juani inakauka juu kabla ya ndani, halafu inatoa malengelenge. Sakafu imwagie maji kidogo nusu saa kabla ya kupaka ili vumbi lilale. Na usipake jioni taa zikianza kuwaka: kumbikumbi na mbu wanapenda rangi mbichi kuliko unavyodhani.

Vya kununua

Vingi vinapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini. Msasa namba 80, 120, 180 na 240, karatasi mbili mbili, pamoja na msasa wa maji namba 320. Tapentaini lita moja. Spiriti kidogo. Gundi ya mbao. Pati ya mbao kopo dogo. Praima ya mafuta ya mbao (rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe), nusu lita au lita moja. Rangi yenyewe. Brashi moja ya inchi 2 na nyingine ya inchi 1, na rola ndogo ya sponji ya inchi 4. Barakoa, glavu, tepu ya karatasi ya kuzuia rangi, na matambara ya fulana za pamba zilizochakaa.

Kwenye brashi usibane pesa. Brashi ya bei ya chini inaacha nywele kwenye rangi, na utatumia muda mwingi kuzing'oa na pini kuliko uliotumia kupaka. Kabla ya kununua, ishike nywele zake na uvute kidogo dukani. Zikitoka mbili tatu, si mbaya. Zikitoka shungi, rudisha.

Kuhusu kiasi cha rangi, fanya hesabu kabla ya kwenda. Kabati la urefu wa mita 1.8, upana 1.2 na kina cha sentimita 45 lina mbele mita za mraba 2.16, mbavu mbili 1.62, na juu 0.54. Jumla ni 4.3 hivi. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika wastani wa mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Kwa hiyo lita moja inakutosha mikono miwili ya nje, na vioo vikitolewa kwenye hesabu inabaki ya kurekebishia. Mwenye duka akikushawishi uchukue galoni ya lita 4 kwa kabati moja, mshukuru, uchukue lita moja.

Kulifungua

Piga picha kwa simu kila upande kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Toa droo, milango, bawaba, vitasa na mikono. Skrubu za kila mlango ziweke kwenye kikopo chake, na nyuma ya kila mlango andika kwa penseli "juu kushoto", "chini kulia" na kadhalika. Milango ya zamani ilitengenezwa kwa mkono, kila mmoja na kimo chake, ukiichanganya haitafunga.

Vioo vitoe ukiweza. Vikiwa vimepigiliwa kwa vijiti vya mbao na misumari midogo iliyoshika kutu, viache, uvizungushie tepu ya karatasi hadi ukingoni kabisa.

Kusafisha, mahali kazi inaposhinda au kushindwa

Tazama kuzunguka mkono wa droo. Utaona duara jeusi, zito, linalong'aa kidogo, mahali vidole vya familia nzima vimepita kwa miaka. Ni mchanganyiko wa jasho, mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi ya nywele na masizi. Ukilikwangua na ukucha linatoka kama nta laini. Rangi haishiki hapo hata ukipaka mikono mitano.

Anza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tumia sponji iliyokamuliwa, si ya kuchuruzika, maana mbao ikilowa sana viungo vinalegea. Sugua kipande kidogo, futa kwa kitambaa chenye maji safi, kausha, nenda kipande kinachofuata. Kabati lililokaa jikoni au chumba kilichopikiwa kwa kuni litakupa maji meusi ndoo baada ya ndoo. Badilisha maji kila yakichafuka; la sivyo unahamisha uchafu tu kutoka mlango hadi mlango.

Likikauka, shughulikia polishi. Kila nyumba ilikuwa na mtoto aliyepewa Jumamosi kazi ya kung'arisha makochi na meza kwa polishi ya viatu, na nta ile ikakaa ndani ya mbao. Sabuni haiitoi. Lowesha tambara kwa tapentaini, futa kufuata mkondo wa mbao, geuza tambara, futa tena. Litatoka na rangi ya kahawia au nyekundu. Endelea na matambara mapya hadi lije safi. Usianze na msasa kabla ya hapo: msasa unapasha nta moto, unaisukuma ndani zaidi, na karatasi yenyewe inaziba baada ya dakika chache. Polishi za kupuliza za kisasa ni mbaya zaidi, maana nyingi zina silikoni. Rangi ikikutana na silikoni inajivuta na kuacha matundu madogo ya duara kila mahali, na dawa yake ni hiyohiyo, tapentaini na uvumilivu, kisha praima.

Cha tatu ni oili chafu. Tazama miguu na ubao wa nyuma. Vikiwa na weusi usioeleweka, weka karatasi nyeupe ya daftari juu yake na uibane kwa pasi ya vuguvugu sekunde chache. (Fanya hivi kabla ya kugusa tapentaini, kwa sababu tapentaini na pasi haviendi pamoja.) Karatasi ikipata doa la mafuta, hiyo ni oili ya gari. Nitasema wazi: oili iliyozama miaka kumi haitoki yote. Ukifuta kwa tapentaini unapunguza ya juu, na ukipasha joto ya ndani inapanda tena. Kwa ubao wa nyuma, njia fupi ni kuung'oa na kupigilia plaiwudi mpya ya milimita 3. Kwa miguu, mwite fundi aikate sentimita kadhaa aunganishe mingine, au iache bila rangi. Kabati la rangi lenye miguu myeusi si jambo la aibu, na ukichagua rangi ya juu vizuri watu watadhani ulikusudia.

Kipimo cha mwisho cha usafi ni maji. Dondosha matone machache kwenye sehemu uliyosafisha na kupiga msasa mwepesi. Yakisambaa na kulowesha, sawa. Yakijikusanya na kuteleza, rudi kwenye tapentaini.

Matambara yenye tapentaini, mafuta ya mbao au rangi ya mafuta usiyakunje na kuyatupa kwenye kona. Rundo la namna hiyo linaweza kujipasha moto lenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke moja moja.

Wadudu na viungo vilivyolegea

Matundu madogo ya duara, ukubwa wa kichwa cha pini, na unga laini sakafuni chini yake, ni dalili ya wadudu wanaokula mbao kutoka ndani. Futa unga wote, subiri wiki moja mbili, angalia kama umerudi. Usiporudi, huenda wadudu wameshaondoka. Ziba matundu tu. Ukirudi, nunua dawa ya wadudu wa mbao kwenye duka la pembejeo, isukume kwenye matundu kwa bomba la sindano, na uliache kabati likauke vizuri kabla ya kuendelea. Vaa glavu, na vyombo vya chakula viwe mbali.

Mchwa ni habari nyingine. Ukigonga mguu ukasikia uwazi, na kisu kinazama bila kusukumwa, kata hadi ufikie mbao nzima.

Viungo vinavyocheza virekebishe sasa, kwa sababu rangi itapasuka mahali popote panapotikisika. Kwangua gundi ya zamani, weka gundi ya mbao, bana. Kama huna vibano, kata tyubu ya baiskeli iwe mkanda mrefu, uzungushe ukivuta kwa nguvu, ufunge. Inabana vizuri kuliko kamba, na haiachi alama. Iache hadi kesho yake.

Msasa

Lengo la msasa si kufikia mbao tupu. Kama rangi au vanishi ya zamani imeshika vizuri, unachotaka ni kuua ule mng'ao ili rangi mpya ipate mahali pa kukamata. Namba 120 inatosha kuanzia, kisha 180. Namba 80 iweke kwa sehemu zinazobanduka tu. Funga karatasi kwenye kipande cha mbao ili uso ubaki bapa, na daima fuata mkondo wa mbao. Mikwaruzo ya kukatisha haionekani ukiwa unapiga msasa. Inaonekana rangi ikishakauka, mwanga wa dirisha ukiipiga kutoka ubavuni.

Hapa pana tahadhari ambayo mafundi wengi wanaipuuza. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma, hasa nyeupe, njano, nyekundu na kijani, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na mtoto ndiye anayeumia zaidi. Kama kabati lina rangi ya zamani usiyoijua, usiipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji ukiwa umeulowesha, vaa barakoa, futa tope lake kwa tambara linalotupwa, na watoto wakacheze kwa jirani siku hiyo. Nguo ulizovaa zifue peke yake.

Ukimaliza, ondoa vumbi kwa brashi kavu, kisha kwa tambara lenye unyevu kidogo. Pitisha kiganja juu ya ubao ukiwa umefumba macho. Kiganja kinaona vitu ambavyo jicho halivioni.

Kuziba mashimo

Mashimo ya misumari na nyufa ndogo zibe kwa pati ya mbao. Ukikosa, nenda kwa seremala yeyote wa barabarani akugawie unga wa mbao, chekecha, changanya na gundi hadi uwe uji mzito. Jaza kupita usawa kidogo kwa sababu unanywea ukikauka, kisha sawazisha kwa namba 180. Kona iliyovunjika kabisa inataka kitu kigumu zaidi: ile pati ya kuchanganya na dawa yake ambayo mafundi wa gereji wanazibia mabati ya magari. Inashika mbao vizuri, ila inakauka kwa dakika chache, hivyo changanya kijiko kimoja kwa wakati.

Praima

Watu huiruka ili kuokoa pesa. Kwa samani nyeupe au za rangi hafifu, kuiruka ni kujitafutia madoa. Mninga na mkongo vina rangi yao wenyewe inayoyeyuka kwenye maji. Ukipaka rangi ya maji nyeupe moja kwa moja, kesho yake unaamka na mawingu ya waridi. Vifundo vya paini navyo vinatoa utomvu unaopenya rangi na kuacha duara la njano. Praima ya mafuta inazuia rangi ya mninga kwa kiasi kikubwa. Vifundo vipake kwanza shelaki (aina ya vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti) mikono miwili, vikauke, ndipo praima ije juu. Ukiikosa shelaki, vikwangue utomvu, vifute kwa spiriti, upake praima mara mbili juu yake.

Paka praima nyembamba. Ikikauka, kwa kawaida siku inayofuata, pitisha msasa namba 240 kwa mkono mwepesi hadi uso uwe laini kwa kiganja, ufute vumbi. Usiogope ikionekana na mabaka.

Rangi ya mafuta au ya maji?

Kwa kabati la vyombo, meza na viti, mimi nachagua rangi ya mafuta isiyong'aa sana. Inavumilia kufutwa kwa sabuni kila siku, na mng'ao wa wastani hauoneshi kila kasoro ya ubao wa zamani. Ubaya wake ni mmoja: nyeupe ya mafuta inageuka njano polepole, hasa ndani ya droo na sehemu zisizopata mwanga. Ukitaka weupe unaodumu, tumia rangi nzuri ya maji ya kufutika juu ya praima, kisha vanishi ya maji juu yake. Si vanishi ya mafuta, maana hiyo nayo itakurudisha kwenye njano.

Hujui rangi iliyopo ni ya mafuta au ya maji? Futa kwa spiriti. Ikichafua tambara ni ya maji. Ikikaa ni ya mafuta. Rangi ya maji juu ya mafuta bila msasa na praima itavuliwa kama ngozi ya nyoka.

Koroga kopo hadi chini kabisa kwa kijiti bapa, dakika kadhaa. Uzito wote umelala chini. Mimina kiasi kwenye kikopo kingine, ufunge kopo kubwa. Ikiwa nzito ongeza tapentaini kidogo sana, kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa kikopo. Petroli, ambayo fundi mmoja kati ya wengi atakushauri kwa kuwa inakausha haraka, ikatae. Inaua mng'ao wa rangi, na mvuke wake unatafuta jiko la mkaa la jirani.

Anza na mahali pagumu: pembe, mifereji ya nakshi, kingo za ndani za milango, kwa brashi ya inchi 1. Kisha nyuso bapa kwa rola ya sponji, na mara tu baada ya rola pitisha ncha ya brashi ya inchi 2, bila kubonyeza, mstari mmoja mrefu kutoka mwisho hadi mwisho. Ukishapita usirudi. Michirizi inatokana na rangi nyingi kwenye kona, kwa hiyo angalia kona zote baada ya dakika kumi, uifute mapema kwa brashi kavu.

Milango ilaze juu ya vikopo vinne badala ya kuisimamisha. Paka nyuma kwanza, ikauke, ndipo mbele.

Mkono wa pili uje baada ya saa 24, na Julai baada ya 48. Kati yake pitisha msasa wa maji namba 320, kwa upole sana, uondoe vumbi na mbu aliyekwama. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mnene kila siku.

Njia za pembeni za droo na mahali zinapotelezea usipake kabisa. Unene wa rangi ni mdogo, lakini masika mbao ikivimba droo itakwama mpaka uivunje. Pasugue na mshumaa.

Ukitaka ile sura ya chaki

Ile sura kavu isiyong'aa, ya samani zinazoonekana za kale, huhitaji kuagiza rangi kutoka nje. Tunayo jipsamu, ileile ya dari. Changanya theluthi moja ya kikombe cha unga wa jipsamu na theluthi moja ya maji hadi mabonge yaishe, kisha ongeza kikombe kimoja cha rangi ya maji. Tengeneza ya kutumia ndani ya saa moja, inaganda. Inashika vizuri, inakauka haraka, na inapokea msasa kwenye kingo ili mbao ya chini ichungulie. Lakini peke yake inanyonya kila doa la chai, hivyo malizia kwa vanishi ya maji isiyong'aa. Kwa meza ya kulia chakula siipendekezi. Kwa stuli na meza ya kujipambia ni nzuri sana.

Fundi wa kupuliza

Kama unataka uso usio na alama hata moja ya brashi, mpelekee fundi mwenye kompresa, baada ya kusafisha mwenyewe. Muulize swali moja: anapuliza rangi ya aina gani? Rangi za magari na zile zinazochanganywa kwa thina kali, zikipulizwa juu ya rangi ya mafuta ya zamani, zinaifanya ikunjamane na kuinuka. Akijibu "hakuna shida, mama, itakaa", mwombe ajaribu kwanza kwenye ubao wa nyuma, arudi kuangalia kesho yake.

Kurudishia

Rangi ya mafuta ikikauka kwa kuguswa haijakomaa. Inaendelea kuwa ngumu kwa wiki tatu hadi nne. Rudishia bawaba na mikono baada ya siku tatu hivi, lakini milango iache wazi kidogo wiki nzima ya kwanza ili isigandane na fremu. Usitandike gazeti wala plastiki kwenye rafu mpya. Wino na plastiki vinagandia rangi changa. Sahani na glasi zisubiri wiki mbili, sufuria za moto mwezi. Harufu ikikaa ndani, bakuli la mkaa mkavu kwenye rafu ya chini linaipunguza.

Rangi iliyobaki, futa mdomo wa kopo, gonga kifuniko kwa kipande cha mbao kote kote, ulipindue kopo sekunde moja ili rangi izibe mwanya wa hewa, kisha uliweke wima mahali pa kivuli. Kwenye kifuniko andika jina la rangi, namba yake, na tarehe. Mtoto akichubua mlango kwa gari lake la mabati mwezi wa tatu, hutalazimika kwenda mjini kuzungukia maduka na kipande cha mbao mkononi ukitafuta kijani kinachofanana.